Mpira Ulioukataa

Mwanahawa, mama yangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, na hali yangu unaijua kuliko ninavyoijua mwenyewe, basi hayo tuyaruke. Uko hapo nyumba ya pili kwa shangazi yako Pili unasukwa nywele za safari, na kicheko chenu nakisikia mpaka huku barazani. Nimevuta kigoda, nimewasha taa ya sola, naandika. Karatasi hii utaikuta juu ya begi lako. Isome kabla hujalala. Nakujua mwanangu, ukiambiwa jambo kwa mdomo unacheka, unanishika bega, unasema, "Baba nawe!" na mazungumzo yanakuwa yamekwisha. Karatasi haina bega la kushikwa.

Sitakuandikia habari za kuswali, kufunga mlango, kuchemsha maji ya kunywa wala kujihadhari na wanaume wa Dar es Salaam. Shangazi yako ameyamaliza yote hayo tangu juzi, na mengine ameyarudia mpaka mimi mwenyewe nimeyakariri. Miye nataka tuzungumze mpira.

Ndiyo, mpira wa gofu. Usikunje uso.

Siku ile tulipokwenda klabuni, kocha alipokubali uingie kituoni kwake kwa majaribio, alikumwagia mezani mipira ya kila aina akakuambia, "Ipige yote, halafu chagua mmoja. Huo ndio utakaouchezea majaribio yote. Sitaki kuona unabadilisha badilisha. Nikikupima leo na mpira huu na kesho na ule, nitajuaje kama nakupima wewe au naupima mpira?" Nikaitikia kwa kichwa. Yule bwana ni kijana, lakini kazi yake anaijua.

Ukaenda uwanjani. Mimi nikasimama kando na mwavuli wangu, nimekaa kimya kama nilivyoahidi. Ulipoupiga ule mpira wa ganda laini, wa tabaka tatu, ulikwenda chini chini kama mipira yako yote, ukatua kwenye grini, pale pa majani mafupi penye shimo, ukaruka mara moja tu ukatulia. Nikasema moyoni, alhamdulillah, huu hapa tumeupata. Kisha ukaupiga ule mgumu wa tabaka mbili. Ukatua palepale, lakini haukukaa. Uliteleza grini nzima, ukatokea upande wa pili, ukaingia kwenye mchanga. Ukarudia, ukateleza vilevile. Ukarudia tena, vilevile. Hata yule kijana aliyekuwa anakata majani aliacha mashine yake akaguna.

"Haya," kocha akasema. "Upi?"

Ukanyoosha mkono, ukaupita ule laini, ukachukua mgumu.

Wallahi nilidhani umekosea kuona.

"Huu, mwalimu," ukasema. "Unaenda mbali."

Kocha akakutazama wewe, akanitazama mimi. Mimi nikatazama mwavuli. Akasema, "Sawa. Lakini Jumatatu ukija kuanza nitakuuliza mara ya mwisho. Utakaoutaja hapo ndio huohuo, hakuna kurudi nyuma."

Kwenye basi la kurudi Kibiti nilivumilia mpaka tulipopita Mkuranga, ndipo nikashindwa. Nikakuuliza, kulikoni? Ukanijibu huku unatazama dirishani, "Baba, si wewe mwenyewe uliyenifundisha? Tonge gumu ndilo linalofika." Ukacheka, ukanishika bega. Na kweli maneno hayo yalikuwa yangu.

Sasa hebu turudi yalikotoka maneno hayo, maana nataka ujue kwamba nimekumbuka vizuri.

Ulikuwa bado hujaanza shule. Msimu wa mpunga tulikuwa tunahamia bondeni, ng'ambo ya Ikwiriri, tunakaa juu ya dungu letu, kile kibanda cha miti chenye miguu mirefu, ili maji yakija yapite chini na nguruwe wakija wapite chini. Kutwa nzima kazi ni kuamia ndege. Jirani zetu walikuwa wanatumia kombeo na kupiga makopo. Sisi tulitumia ufito: unabandika tonge la udongo kwenye ncha, unazungusha ufito kwa nguvu, tonge linachomoka, linakwenda kuwaangukia kweleakwelea katikati ya mpunga wakaruka wote. Nilikuambia, tonge liwe gumu, tonge gumu ndilo linalofika. Baba yangu aliniambia hivyo, na baba yake alimwambia hivyo, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kulijaribu neno hilo akaona kama ni kweli.

Wewe ulilijaribu. Tonge langu gumu likakudondokea miguuni kabla hujamaliza kuzungusha. Hukubishana nami. Ulishuka ngazi, ukaenda ukingoni mwa mto, ukaanza kuchanganya udongo wako: mfinyanzi kidogo, wenye mchanga kidogo, maji unayakamua kiganjani. Unabandika, unarusha, hapana. Unashuka tena. Mpaka ukapata tonge linaloshika ufito njia nzima, halafu linaachia pale pa mwisho kabisa. Halikuwa gumu wala halikuwa teketeke. Mama yako alikaa mlangoni anakutazama, akasema, "Mtoto huyu anaonja udongo kama mchuzi." Baadaye mimi nilijaribu tonge lako, nikashindwa kulirusha. Lilikuwa limetengenezwa kwa mkono wako, na mkono wangu una haraka.

Ndipo nilipouona huo mkono unavyozunguka. Kiuno kinatangulia, mabega yanafuata, mikono inakuja nyuma bila papara. Swingi ile watu wanalipa walimu waipate na hawaipati. Nikarudi nyumbani nikapanda darini kuitafuta ile fimbo kuukuu ya gofu niliyopewa nilipokuwa kedi Dar es Salaam, zamani nilipokuwa nabeba mifuko ya fimbo za wachezaji na kuwaambia upepo unatoka wapi. Mama yako aliniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia bado kidogo.

Kwa hiyo niambie weye: mtoto aliyejua udongo wake akiwa hana hata meno ya mbele, atashindwa kuujua mpira wake akiwa mtu mzima? Nilitembea na swali hilo toka siku ile ya klabuni. Shambani nalo, msikitini nalo, hata imamu akitoa salamu mimi bado nipo grini. Roho ilikataa kutulia.

Ngoja nikuambie ninavyokuona, na hapa nasema kama kedi, baba nimemweka pembeni. Wachezaji wengi wanachagua mpira kwa kuanzia mwanzo, pale wanapopiga fimbo kubwa na watu wanatazama. Wanauliza, upi unaenda mbali? Wanasahau kwamba fimbo kubwa unaipiga mara chache, na huko kwingine kote, karibu na shimo, ndiko unakomalizia mchezo. Mimi nikimchagulia mtu mpira naanzia shimoni narudi nyuma. Naangalia kwanza mpira unakaa vipi ukisukumwa, unasikikaje. Kisha pembeni mwa grini, unashika au unakimbia? Kisha kutoka mbali kidogo. Fimbo kubwa naiangalia mwishoni.

Wewe mipira yako inaruka chini. Si kosa lako, ulijifunzia bondeni. Mpunga ukishavunwa na jua likawaka, ardhi ile inapasuka nyufa za kuingia mkono, na mpira ukitoka juu unadumbukia ufani, basi, umekuwa mali ya mchwa. Tulikuwa na mipira ya kuhesabu, ukajifunza kupiga chini ili itambae juu ya mabua tuione inapoishia. Sasa mpira unaoruka juu husimama kwa sababu umeanguka wima. Mpira unaoruka chini, kitu kinachoweza kuusimamisha ni kuzunguka kwake kinyumenyume, na ganda laini ndilo linaloushika uso wa fimbo ukazunguka. Ganda gumu halishiki, linateleza tu. Na fimbo yako kubwa unaipiga kwenye mstari, kwa hiyo huko kuzunguka kwingi hakukupotezi njia. Mpira ule wa tabaka tatu ni kama waliupima kwako. Grini za pale klabuni kiangazi ni kavu kama sakafu. Ukienda na ule mgumu, kila mpira utakaoupiga vizuri utatokea nyuma, na kocha ataandika kwamba binti huyu hana mkono. Watakurudisha nyumbani kabla nywele hizo anazokusuka shangazi yako hazijafumuka.

Haya yote unayajua. Ulikuwa unayaona kwa macho yako, mpira baada ya mpira.

Juzi nilikwenda kwa Pili kuazima kinu. Nikamkuta amenuna. Nikamwambia, "Dada, nani kakuudhi?" Akaacha kupepeta, akanitazama yale matazamo yake unayoyajua.

"Abdallah, weye ni mjinga au unajifanya?"

Nikamwambia achague mwenyewe.

"Mwanao anataka kukataliwa," akasema. "Ameniambia mwenyewe, hapo alipokaa. Ati akikataa kwenda utamlazimisha, lakini akienda akashindwa, atarudi na hakuna wa kumlaumu. Atakaa na wewe. Ameshapanga hata mpunga wa msimu ujao. Nimemuapia nisiseme, sasa nimesema, Mungu anisamehe."

Usimkasirikie shangazi yako. Alilia aliponiambia, na unajua yule mwanamke halii ovyo. Mimi sikulia pale. Nilichukua kinu nikarudi nacho nyumbani, nikakaa juu yake, mpaka leo sijatwanga kitu.

Kwanza nilikasirika. Nisikufiche, nilikasirika sana, nikazunguka uani nikiongea peke yangu. Huyu mtoto ananionaje, gogo? Mimi ni wa kufanyiwa hesabu kama kuku mgonjwa, ale nini na nani amfunike? Kisha hasira ikanitoka ghafla, nikabaki nimeshika tama, kwa sababu niliona wapi umelipata wazo hilo. Umelipata kwangu.

Tangu mama yako atutoke unalala mlango wazi ili usikie nikikohoa. Unadhani sijui. Huli mpaka nile. Ukienda kisimani unapitia njia ndefu ili unione nikiwa kibarazani. Na mimi, mtu mzima, badala ya kukuzuia nimekuachia, kwa sababu ilikuwa tamu. Wiki ile kocha alipopiga simu kusema nafasi ipo, nilikohoa zaidi kuliko kifua kilivyotaka. Nilisema pale tukila, utakumbuka, "Sasa nani atanisomea bei ya korosho kwenye simu?" Nilisema kama utani. Haukuwa utani, na wewe si mtoto wa kushindwa kutofautisha.

Sasa nikuambie jambo ambalo mama yako alilijua nusu.

Wewe unajua kwamba niliacha kazi ya ukedi kwa sababu babu yako aliniita. Kila mtu Kibiti anajua hivyo, nimelisema mara nyingi mpaka limekuwa kama jina langu. Ilivyokuwa hasa ni hivi. Pale klabuni makedi tulikuwa na siku yetu ya kucheza, na mwaka mmoja wakasema wanatafuta mmoja wetu wamfundishe, awe mwalimu wa mchezo. Nilikuwa napiga mbali kuliko wote. Tatizo langu lilikuwa mipira yangu inapinda kulia, inakwenda miembeni. Mtu mwenye swingi ya namna ile anafaa mpira mgumu, usiozunguka sana, ili hata ukipinda upinde kidogo. Ule uliouchagua wewe kwa makusudi, mimi ungenifaa kweli. Lakini mpira ule wenzangu waliuita wa wanaojifunza, na bwana niliyekuwa nambebea mfuko alikuwa anacheza ule laini, wa wakubwa. Nikautaka wa wakubwa. Nilitaka nikiuinua niuweke chini, watu wauone. Nikaupiga kwa nguvu zangu zote, nao ukazunguka kwa nguvu zake zote, ukazamia miembeni. Nikaupiga mwingine, nao ukamfuata mwenzake. Akachukuliwa mwenzangu aliyekuwa anapiga karibu karibu na kwenye mstari.

Wakaniambia nijaribu tena mwaka unaofuata. Mwalimu mkuu mwenyewe alinishika mkono, akaniambia, "Abdallah, badilisha mpira, uje." Ndipo salamu za baba zikafika: yupo peke yake, mpunga unaliwa, macho hayaoni mbali. Unajua nilihisi nini, Mwanahawa? Nilihisi nimeokolewa. Nilikuwa naogopa kushindwa mara ya pili, na sasa nilikuwa na sababu nzuri ambayo hakuna anayeweza kuicheka. Kila mtu alinisifu. Kijana mwema, kamrudia baba yake.

Nikamrudia, na nikamlipisha. Sikuwahi kumtukana wala kumnyima chakula. Nilimnyima maneno. Tulikaa dungu moja misimu na misimu, mimi na yeye, na nilikuwa naongea na ndege zaidi kuliko nilivyoongea naye. Akisimulia jambo naitikia kwa pua. Kila nilipomwona anapapasa kutafuta ngazi, nilikuwa nasema moyoni, kwa ajili yako niko hapa. Na yeye hakuniomba niache chochote. Alitoa salamu tu, kama mzee yeyote. Siku moja, tunakula, akaniuliza, "Abdallah, nilikukosea nini?" Nikamwambia, "Hakuna, baba." Akasema, "Haya." Akaendelea kula, taratibu, anatafuta wali sahanini kwa vidole. Tulikuwa tunakaa watu wawili kwenye kibanda kisichotosha kunyoosha miguu, na yule mzee alikuwa mpweke kuliko kama angekaa peke yake.

Amekufa hajui. Au alijua, ndiyo mbaya zaidi.

Hilo ndilo linalonitisha, mwanangu, kuliko nyumba tupu. Nyumba tupu ninaiweza. Siwezi kukaa mkekani na wewe miaka kumi ijayo, umeniandalia chakula, umenifunika, umeninunulia dawa, halafu siku moja nikuulize nilikukosea nini, na wewe uniambie, "Hakuna, baba." Nitaijua sauti ile. Ni yangu.

Utasema wewe si mimi, wewe una moyo wa mama yako. Huenda. Lakini hata mama yako, Mungu amrehemu, alipenda kwa macho wazi. Hakuwahi kujidanganya kwamba kitu anachokitaka hakitaki. Na wewe mchezo huu unautaka. Nimekuona. Siku ile mpira laini ulipotua ukakaa, kabla hujakumbuka mpango wako, uliinua uso ukanitafuta kwa macho. Uso ule nilikuwa sijauona tangu tumzike mama yako. Ukaukunja haraka, ukachukua mpira mwingine, lakini mimi nilikuwa nimeshauona.

Sasa sitakudanganya ili uende. Ningeweza kukuandikia kwamba sitajali, nina shamba, nina rafiki zangu wa bao, nina dada yangu hapo jirani wa kunigombeza. Ungejua naongopa. Nitakuwa mpweke. Nitapika wali mwingi kupita kiasi kwa wiki kadhaa, maana mkono umezoea watu wawili. Nitasema, "Mwanahawa, hebu njoo uone," halafu nikumbuke. Magharibi ikiingia, ule muda ambao ulikuwa unawasha jiko na moshi unaniingia machoni nakugombeza, huo utanisumbua kuliko yote, nimeshaanza kuuona unanijia. Msimu wa ndege ukifika nitapanda dungu peke yangu na hakutakuwa na mtu wa kunicheka nikikosa. Mama, itauma. Nimekaa nimeitazama kwa siku hizi mbili, nimeizunguka pande zote, sikuona mlango wa kuikwepa.

Lakini ni upweke wangu. Umetokana na kumpenda mama yako na kukupenda wewe, na mtu aliyependa hana budi siku moja abaki na nyumba kimya. Sikuombi uniondolee. Ukiniondolea huo utaniletea ule mwingine, wa babu yako, na ule hauna dawa. Niachie huu. Nitaubeba polepole, kama watu wanavyobeba.

Basi Jumatatu kocha akikuuliza, usifikirie kifua changu. Usifikirie mpunga, wala bei ya korosho, Pili ana simu na ana mdomo. Simama mbele ya meza ile na ujiulize yale ya ukingoni: mkono wangu unazungukaje, mpira wangu unaruka wapi, nataka ukae wapi. Uchague unaokufaa wewe. Ukicheza nao kwa moyo wako wote na bado wakakukataa, rudi, nitakupokea kwa ngoma, na tutaupalilia mpunga pamoja bila mtu kumdai mwenzake. Kushindwa kwa kweli hakunitishi. Nakukataza kushindwa kwa ajili yangu, hilo tu. Katika maisha yako yote sijakukataza mambo mengi, na mengi niliyokukataza uliyafanya. Hili nisikilize.

Na nikikupigia simu nikakohoa, cheka.

Kicheko cha huko kwa Pili kimenyamaza, nadhani mmemaliza. Nasikia anakuambia usilowanishe kichwa. Utaingia sasa hivi na mimi nitajifanya natengeneza mpini wa jembe. Usije ukanizungumzisha juu ya karatasi hii usiku huu, nakuomba, sitaweza. Soma, zima taa, na usiku wa leo funga mlango wako.

Kesho nitakusindikiza mpaka stendi. Nimejaribu kujipanga niwe mwanaume, nikutanie, nigombane na utingo juu ya begi lako, nicheke. Sidhani kama itawezekana. Nitalia, mama. Mbele ya wauza maji na wapiga debe, mzee mzima na kofia yake, nitalia, nakuambia mapema usije ukashtuka. Ukiniona kupitia dirishani nalia, usiteremke.

Baba yako,
Abdallah